Kompyuta Isiyo na Uso

Mliponiacha juma lililopita nilikuwa nimesimama mlangoni kwetu Migori, mkononi nina utepe mpya wa printa nilioufuata mpaka Kisii, nikitazama pembe ya sebule. Pembe ilikuwa tupu. Sanduku halikuwepo. Betri haikuwepo. Kilichobaki ni waya mweusi uliolala sakafuni kama mkia ulioachwa na mjusi.

Kwa msomaji aliyeingia leo, karibu kiti. Naitwa Mellen. Nina diploma ya kompyuta na aibu ya kuwatosha watu wanne. Chuoni nilikuwa nazunguka nyuma ya maktaba ili nisisalimiwe.

Sanduku hilo nililiunda mwenyewe. Ndani mlikuwa na kompyuta ndogo ya kubebwa iliyovunjika kioo, ambayo ofisi moja ilikuwa imeitupa. Kioo nikakitoa, nikabaki na kiwiliwili. Diski niliipata kwa Angwenyi, fundi wa Homa Bay anayeuza roho za mashine zilizokufa. Vyote nikavipanga ndani ya kasha la mbao la redio ya zamani ya baba, lile lenye kitambaa mbele, ili vumbi lisiingie.

Halikuwa na kioo, halikuwa na kibodi, halikutoa sauti. Lilikuwa na kazi moja tu, kutunza mafaili ya nyumba nzima. Kompyuta yangu ya sebuleni na ile kuukuu ya chumbani kwa baba zilishikana nalo kwa waya, na lolote lililoandikwa kwenye moja kati ya hizo lilikwenda kulala humo.

Tena lilikunywa umeme kidogo kuliko balbu ya choo. Paneli ndogo ya jua juu ya bati na betri moja ya gari vililitosha, hata stima ikipotea siku tatu. Na huku kwetu stima hupotea kama mume mwenye nyumba mbili.

Humo ndani mlikuwa na kitabu cha baba.

Baba yangu, Mwalimu Monari, alifundisha miaka thelathini na mitano kabla mtoto wa jicho hajamfunga macho yote mawili. Walimpasua mwezi wa kwanza. Alirudi akasema bado ni giza. Kwa hiyo kwa miezi minane alisimulia maisha yake, mimi nikachapa. Kurasa mia mbili na kumi na nne. Jumapili hii Bichage, mwenye mtambo wa kuchapisha vitabu, anakuja kukichukua.

Mnauliza disketi zenye nakala ziko wapi. Hata mimi najiuliza. Siku sanduku lilipoanza kazi nilijiona kama mhandisi aliyejenga daraja. Nikazifuta disketi zote kumi na mbili, nikampa Mwalimu Werema wa shule ya jirani aandikie ripoti za wanafunzi. "Sisi hatuzihitaji tena," nilimwambia.

Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia Mwalimu Werema, na ikawa ya kijinga.

"Mama!" niliita.

Mama yangu, Bathsheba, alikuwa jikoni akichambua mboga.

"Umefika? Shemeji yangu Onsongo hajambo huko Kisii?"

"Hajambo. Mama, sanduku liko wapi?"

"Sanduku gani?"

"Lile la pembeni. Lenye kitambaa."

"Aa, ile redio? Iko hapo jirani kwa kina Caren tangu juzi. Si unajua wamefiwa na nyanya? Walikuja kuomba viti, sufuria na vyombo vya sauti. Nikawapa na betri yake."

"Mama, hiyo si redio. Ni kompyuta!"

Mama aliweka kisu chini, akanitazama kwa huruma ile anayoitumia kwa watoto wenye homa.

"Mellen. Mimi sikusoma sana, lakini naona. Kompyuta ina kioo. Hiyo ina kioo?"

"Haina."

"Ina mahali pa kugonga-gonga?"

"Haina."

"Sasa?"

Niliuweka utepe wa printa juu ya meza.

"Halafu," mama akaendelea, "ni wewe mwenyewe uliwaambia akina mama wa kanisa, 'Ni kama redio tu.' Nilikuwa nimekaa pale pale."

Ni kweli. Walikuwa wanawake sita, wote wananitazama, wakataka kujua kasha lile ni la nini. Ningeanza kueleza mafaili na waya, wangenitazama zaidi. Nikasema ni kama redio, nikakimbilia nyuma ya nyumba kulisha kuku.

"Naenda kulichukua," nilisema.

"Thubutu!" Mama alisimama. "Kitu kilichoenda matangani hakidaiwi kabla mtu hajazikwa. Unataka waseme nyumba ya Mwalimu Monari inakusanya vyombo na marehemu bado yuko mochari? Wazike Jumamosi, wapumzike, wiki ijayo watarudisha wenyewe."

"Wiki ijayo Bichage atakuwa amekuja akarudi mikono mitupu!"

"Bichage naye ana ndugu. Siku moja atafiwa, ataelewa."

Nikauliza, kwa sauti ya chini, kama baba anajua.

"Nilimwambia leo asubuhi. Kwanza akasema sawa. Halafu akauliza, redio gani. Nikamwambia ile ya Mellen. Akaomba maji. Halafu akaomba apelekwe kwa kina Caren kutoa pole, na aliporudi akasema lazima aende na gari la wazee Homa Bay kumchukua marehemu. Yeye, ambaye mazishi ya mwisho kuhudhuria ni ya mkoloni! Jirani yetu Mzee Wangwe amemshika mkono wakaondoka."

Maskini baba, niliwaza. Kitabu chake kimepotea, naye anaenda kufarijiwa na wafiwa.

Kwa kina Caren turubai lilikuwa limeshafungwa. Ken, kaka yake Caren, ndiye fundi wa sauti wa kila msiba na kila harusi upande ule. Nilimkuta kati ya nyaya, penseli sikioni.

"Sistee Mellen! Hiyo amplifaya yenu ni jeuri sana."

"Imefanya nini?"

"Haijafanya kitu, hiyo ndiyo shida. Nimeiunganisha na betri yenu, kimya. Nikasema labda ina njaa, nikaiongezea betri mbili za lori. Ikatoa moshi kidogo, ikanyamaza kabisa."

"Moshi," nilisema.

"Kidogo tu. Kama wa sigara."

Hapo ndipo mtu mwenye diploma angesema, Ken, umechoma maisha ya baba yangu. Mimi nilisema, "Haya."

"Lakini usijali. Sisi haturudishi kitu ya jirani ikiwa imeharibika. Jana nimeituma Homa Bay kwa fundi, na ile gari ilipeleka nguo za dani, nyanya yetu. Fundi anaitwa Angwenyi. Hata mzee wako nimemwambia leo asubuhi. Ameniuliza duka iko upande gani ya barabara na kibao yake ni rangi gani."

"Rangi?"

"Ndiyo. Nikamwambia ni kijani."

Nilidhani baba anataka tu kuiona picha akilini. Wasioona huwa hivyo, nilijiambia. Mimi ni mtu wa kuelewa sana mambo yasiyokuwepo.

Pikapu ya wanawake ilikuwa inaondoka. Caren akaniona nimesimama kando, akanivuta mkono.

"Mellen, hata wewe unakuja kumchukua dani? Panda, panda."

Nikapanda. Ningesema nini? Kwamba nafuata diski?

Tangu Rongo wanawake walianza kuimba na kulia. Mimi nilikuwa nimejizuia, lakini nikiwaza ule moshi kama wa sigara, machozi yakaja yenyewe. Nikalia kweli kweli. Tulipofika Rodi Kopany nilikuwa nimewapita wafiwa wote. Mama mmoja mzee akanikumbatia.

"Nyathina, mwanangu, alikupenda sana?"

"Miezi minane," nilijibu kwa kwikwi. "Kila siku jioni tulikuwa pamoja."

"Woi! Na sisi hatukujua alikuwa na mtu wa kukaa naye!"

Caren, aliyejua kwamba nyanya yake nilimsalimia mara mbili maishani, alinitazama, akatazama pembeni. Mungu ambariki, hakusema neno.

Homa Bay wanawake waliteremka mochari. Mimi nikajitenga polepole, kipaji changu pekee cha kuzaliwa, nikashuka barabara mpaka kwenye kibao cha kijani.

Angwenyi alikuwa amelifungua sanduku juu ya meza. Aliponiona alianza kucheka kabla sijasalimia.

"Nilijua ni yako! Nani mwingine ataweka kompyuta ndani ya redio? Dada, soma hii." Akanipa kikaratasi kilichobandikwa juu ya kasha. Kilikuwa na mwandiko wa Ken: *Tafadhali ongeza sauti.*

"Imekufa?" niliuliza.

"Upande wa umeme umeiva, unaweza kula na ugali. Ubao wake nao umekwenda."

Nilishika ukingo wa meza.

"Lakini mbona unaanguka kabla ya habari kwisha? Diski haijaguswa. Ile moto iliishia njiani. Diski yenyewe iko na afya kunishinda."

Aliichomoa, akaiunganisha na kompyuta yake kwa kikamba kidogo, akawasha. Nilisikia ikianza kuzunguka, ule mvumo mwembamba ninaoujua, na nikalia tena. Siku hiyo nilikuwa bomba lisilofungika.

Majina ya mafaili yakashuka kwenye kioo. Sura ya kwanza. Sura ya pili. Mpaka ya kumi na saba. Yote yapo.

Angwenyi akatoa disketi. Kitabu kizima kikaingia kwenye hiyo moja, baba yangu mzima, tangu kuzaliwa mpaka kustaafu, na nafasi ikabaki. Nikaitia mfuko wa blauzi, nikakifunga kifungo, nikashika juu yake kwa kiganja.

"Na hii nyingine?" Angwenyi aliuliza. "Nayo niinakili?"

"Ipi?"

"Hii. Onsongo. Imeandikwa Jumatatu jioni."

Jumatatu jioni sikuandika kitu. Jumatatu jioni nilikuwa napanga nguo za safari ya Kisii. Nilikumbuka tu kwamba kupitia ukutani nilisikia vidole vya baba vikigonga ile kompyuta kuukuu ya chumbani kwake. Alikuwa akifanya hivyo mara nyingi. Alifundisha wanafunzi kupiga chapa miaka mingi, nami niliwaza, maskini, anajifariji kwa kugusa herufi.

"Ifungue," nilisema.

Sikulelewa kusoma barua za watu. Niliisoma.

*Ndugu yangu Onsongo,*

*Mellen anakuja kwako kesho. Tafadhali mbele yake endelea kuuliza hali ya macho yangu kwa huzuni, maana wewe hujui kuigiza na nakuogopa. Macho hayajambo. Tangu mwezi wa tatu nasoma hata maandishi ya kwenye kiberiti.*

*Ulinilaumu juzi kwamba namdanganya mtoto. Ndugu yangu, hukumwona aliporudi chuoni. Alituma maombi ya kazi thelathini, asijibiwe hata moja. Akakaa miezi mitatu haongei na mtu isipokuwa kuku. Siku nilipomwomba aniandikie ukurasa mmoja, jioni ile alicheka mezani. Sasa ningesema nimepona, angechapa nini? Basi nikaendelea kuwa kipofu. Na si kazi rahisi. Majuzi nilijigonga mlangoni kwa makusudi, Bathsheba akanipaka mafuta ya kuchua mpaka machoni, nikawa kipofu wa kweli kwa saa mbili.*

*Lakini sasa nimefika ukingoni. Maisha yangu yaliisha ukurasa wa mia na thelathini. Wewe unanijua, mimi nimefundisha tu na kufuga ng'ombe watatu. Tangu hapo nabuni. Ile habari ya mafuriko ya mto Kuja, namvusha Bathsheba mgongoni huku maji yananifika kidevuni, haikutokea. Tulivuka darajani, tena alinitangulia. Lakini Mellen alikuwa akilia huku anachapa. Ningemwambiaje?*

*Jumapili Bichage anakuja. Kikichapwa, nitakuwa mwongo wa jalada gumu, na watu walio hai wamo. Nikisema kweli, mtoto atarudi kwa kuku. Nishauri kabla ya*

Iliishia hapo. Nadhani ndipo nilipoingia kumpelekea chai.

Nilisoma mara mbili. Mara ya pili nilisoma polepole, kama nikienda taratibu maneno yatabadilika.

Miezi minane. Kila asubuhi nimemshika mkono mpaka choo cha nje. "Jiwe hapa, baba. Ngazi, baba. Inama kidogo, baba, kuna kamba ya nguo." Naye anainama! Mwezi wa sita nilimnunulia fimbo nyeupe. Akaipapasa, akasema, "Ni nyeupe?" Nikamwambia ni nyeupe kabisa. Akasema, "Nilijua tu."

Na mafuriko yale! Ukurasa wa mia na sitini na tatu. Nilililia kibodi mpaka herufi ya N ikaanza kukwama. Nikavunja aibu yangu yote, nikasimama mbele ya akina mama wa kanisa siku ya Sabato, mara ya kwanza maishani mwangu, nikawasomea jinsi baba alivyomvusha mama. Wakasema amina. Mama alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanatikisika, nami nikadhani ni machozi.

Angwenyi, aliyekuwa amesoma juu ya bega langu bila haya, alifungua mdomo acheke, akaniona, akaufunga.

"Mzee ni mkali," alisema taratibu.

"Mimi nilidhani ninamsaidia," nilisema.

"Ulikuwa unamsaidia."

"Kwa kumpeleka chooni mtu anayeona?"

"Sasa dada, hata mimi nina baba. Hajawahi kunifanyia hivyo. Yangu aliniambia tafuta kazi, akafunga mlango." Akakuna shavu. "Bichage anakuja lini?"

"Jumapili."

"Utampa?"

Nilikuwa bado na kiganja juu ya mfuko. Nikimpa, Mwalimu Monari anauzwa sokoni akiwa amevuka mto ambao hakuuvuka, na kila mtu wa Migori anajua lile daraja. Nikikataa, Bichage atataka sababu, na sababu ni kwamba baba ni mwongo. Nikimwambia baba kwamba nimeisoma barua, atajua kwamba najua, na kesho asubuhi hakutakuwa na wa kumshika mkono wala wa kunisimulia. Tutabaki sisi wawili mezani, mzima na mzima, hatuna la kuongea.

"Niinakili au niifute?" Angwenyi aliuliza. Kidole chake kilikuwa juu ya kibodi. "Ukisema nifute, mimi sikuona kitu. Utarudi nyumbani na kitabu, naye atabaki kipofu wako."

Nikageuka kutazama nje ili nifikiri.

Ng'ambo ya barabara alikuwa anakuja mzee mrefu mwenye koti la kahawia. Alikuwa peke yake. Mzee Wangwe hakuwepo popote. Fimbo nyeupe alikuwa ameibana kwapani kama mwavuli siku ya jua. Alikwepa mkokoteni wa maji. Akaruka mtaro, akiwa na miaka sitini na mitatu, akaruka vizuri. Akasimama, akainua uso, akaanza kusoma vibao vya maduka kimoja kimoja, midomo inacheza. Cha buluu, akaacha. Chekundu, akaacha. Alipokiona cha kijani alitabasamu, akavuka barabara mbio mbio.

Alikuwa amejitenga na wafiwa, kama mimi. Alikuwa anafuata barua yake.

"Dada?" Angwenyi aliniita. "Ninakili?"

"Nakili," nilisema.

Baba alifika hatua tatu kutoka mlangoni, akashusha macho kutoka kwenye kibao, na macho hayo yakatua juu yangu. Yalinitambua. Niliona yakinitambua, yakipanuka, yakitafuta pa kukimbilia.

Kisha polepole fimbo ikatoka kwapani. Ikagusa ardhi. Kichwa chake kikaelekea upande usio na mtu, mkono wa kushoto ukanyooka mbele ukipapasa hewa.

"Samahani," aliita kwa sauti ile nyembamba ya miezi minane. "Nani hapo? Hapa ni kwa fundi?"

Nyuma yangu mashine ya Angwenyi ilikuwa inanguruma, ikiandika barua ile kwenye disketi.

Sikujibu. Nilitaka kuona atapapasa mpaka wapi.